Kujifanyia alaimenti kwenye Impreza: vibao vya tou, kipimapembe na nyuzi, kipi kinunuliwe na kipi kichongwe

Mwenye Subaru Impreza WRX au STI akitaka kujifanyia alaimenti (kupima na kurekebisha pembe za matairi) mwenyewe, maduka ya vifaa vya mashindano humuuzia vitu vitatu: vibao viwili vya kupimia tou (matairi ya mhimili mmoja yanavyoangalia ndani au nje kwa mbele), kipimapembe cha dijitali chenye sumaku, na fremu ya nyuzi inayozungushiwa gari zima. Kipimapembe kinunue. Vibao, fundi wa aluminiamu wa mtaani kwako anaweza kukukatia vilivyo bora zaidi. Fremu ya nyuzi usipoteze hela kuinunua, tengeneza yako. Kinachobaki ni sakafu, ambayo haiuzwi dukani, na ndiyo inayoamua kama namba utakazozipata ni za kweli au za kubahatisha.

Tunazungumzia Impreza za GC8 na GD, yaani zile za kuanzia 1992 hadi 2007, kwa sababu ndizo zilizojaa Nairobi, Kampala, Arusha na Dar es Salaam, na kwa sababu muundo wake ni rahisi kuuelewa: shokapu za MacPherson mbele na nyuma, bolti yenye mwinuko (ukiizungusha inasogeza kilichofungwa nayo) juu ya nakoli ya mbele, kipande kinachobeba habu, kwa ajili ya kemba (tairi linavyolala kwa juu; kulala ndani ni kemba hasi), tairodi, fimbo ya usukani inayogeuza tairi, kwa ajili ya tou ya mbele, na bolti nyingine yenye mwinuko kwenye mkono wa nyuma kwa ajili ya tou ya nyuma. Kemba ya nyuma na kasta (mwinamo wa mbele-nyuma wa mhimili ambao tairi la mbele hugeukia) hazina pa kurekebishia kutoka kiwandani. Ni hayo tu.

Swali la kwanza la kila mtu ni kwa nini ujisumbue wakati mashine ya leza ipo kila kona. Mashine zenyewe hazina shida. Shida ni namna zinavyotumiwa: fundi anachagua modeli kwenye kompyuta, anakaza na kulegeza tairodi mpaka skrini iwe ya kijani, anakupa karatasi. Tou ya kiwanda kwa GD ni sifuri, na ruhusa ya milimita 3 ndani au 3 nje. Gari lenye milimita 3 za nje na gari lenye milimita 3 za ndani yote yatapewa kijani, lakini la kwanza litakuwa linatangatanga kwenye lami ya kasi na kula matairi upande wa ndani, na la pili litakuwa zito kuingia kona. Mtu anayetaka gari lake likate kona anajali tofauti ya milimita moja. Kemba ya mbele, ambayo ndiyo dawa ya Impreza kugoma kugeuka, mara nyingi haiguswi kabisa kwa sababu nayo iko ndani ya kijani.

Sakafu

Upana kati ya matairi ya kushoto na kulia kwenye Impreza ni karibu mita 1.48. Sakafu ikiinama milimita 5 tu katika upana huo, kipimo cha kemba kinakosea digrii 0.19, na kinakosea kinyume kila upande: tairi moja linaonekana limelala ndani zaidi, la pili limesimama zaidi. Hapo ndipo watu huanza kulaumu kontrol armu, mkono wa chini unaoshika tairi, kwamba imepinda.

Pimamaji ya kawaida haitoshi kwa umbali huu. Tumia mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga ambao mafundi ujenzi hutumia kusawazishia msingi. Jaza maji, toa mapovu yote ya hewa, shika ncha moja penye tairi moja kama rejea, halafu tembeza ncha ya pili kwenye sehemu tatu zilizobaki. Palipo chini painue kwa vipande vya plaiwudi au mabati mpaka tofauti ya kushoto na kulia isizidi milimita 1, ambayo ni digrii 0.04 na hakuna atakayeihisi. Mteremko wa mbele kwenda nyuma hauna madhara makubwa kwa kemba. Unapotosha kasta kidogo tu. Kilicho kibaya ni kona moja kuwa juu peke yake, kwa sababu uzito wa gari unahama na springi zinabonyea tofauti. Ukishapata sawa, chora mipaka ya kila tairi sakafuni kwa rangi ili safari ijayo usianze upya.

Asiye na uhakika na sakafu yake afanye hivi: apime kemba zote nne, ageuze gari liangalie upande mwingine mahali palepale, apime tena, kisha achukue wastani wa kila tairi. Kosa la sakafu hubadilika alama gari linapogeuzwa, kwa hiyo wastani unalifuta. Nusu ya tofauti ya vipimo viwili ndiyo kiasi ambacho sakafu ilikuwa inakudanganya.

Chini ya kila tairi panahitaji kuteleza. Gari likishushwa kutoka kwenye jeki, matairi hubaki yamejivuta ndani kwa sababu mpira umeshika sakafu, na kipimo chochote utakachochukua hapo ni bure. Video za nje huonyesha mifuko miwili ya plastiki iliyopakwa mafuta. Kenya iliipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, na vyovyote vile vigae ni bora: vigae viwili vya sakafu vya sentimita 30 kwa 30, nyuso zenye kung'aa zikitazamana, grisi katikati. Jozi nne, vigae vinane. Kigae kinachokaa juu ya nafasi tupu kitapasuka, kwa hiyo hakikisha plaiwudi ya kuinulia imejaa chini yake yote. Ukikosa vigae, sukuma gari mbele na nyuma mita tatu hivi baada ya kila kushusha, halafu libonyeze pembe zote nne kabla ya kupima. Inachosha, lakini inafanya kazi.

Kabla ya yote: upepo wa matairi uwe sawa kushoto na kulia kwa kufuata kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango, tenki nusu, na mfuko wa mchanga wenye uzito wako kwenye kiti cha dereva. Tingisha kila tairi likiwa hewani. Bol jointi yenye mchezo, tairodi iliyolegea au bushi iliyochanika ya kontrol armu ikabadilishwe kwanza. Hakuna kipimo kinachodumu juu ya bushi iliyokufa.

Vibao vya tou

Vile vya Longacre ndivyo vinavyojulikana zaidi: bati mbili bapa zinazosimamishwa ubavuni mwa tairi, kila moja ina mikato ya kupitishia futi za chuma, na futi mbili huja nazo. Futi moja inapita mbele ya matairi, nyingine nyuma. Kipimo cha nyuma kikizidi cha mbele, tou ni ya ndani; cha mbele kikizidi, ni ya nje. Ni kazi ya dakika tano na, kwa tou ya jumla ya mhimili mmoja, hakuna kifaa cha bei hii kinachovishinda.

Lakini ni bati mbili. Fundi wa madirisha ya aluminiamu atakukatia bati za milimita 4 au 5, urefu wa sentimita 65 na kimo cha sentimita 25, na hapo unapata nafasi ya kufanya jambo ambalo vya dukani havikupi: mwambie akate mikato miwili ikiwa milimita 573 kamili kutoka mmoja hadi mwingine. Kwa umbali huo, kila milimita 1 ya tofauti kati ya futi ya mbele na ya nyuma ni digrii 0.1 ya tou ya jumla. Hakuna tena kutafuta kalkuleta ukiwa umelala chini na mikono ina grisi. Abane bati zote mbili pamoja akizikata, ziwe pacha. Mikato ikae sentimita 10 hivi kutoka sakafuni. Ukiipandisha hadi sentimita 20, tairi la 225/45R17 limeshapanuka kupita 573 na futi itagonga mpira.

Mambo yanayoharibu kipimo. Maandishi yaliyoinuka ubavuni mwa tairi husukuma kibao upande mmoja, kwa hiyo kisogeze mpaka kikae juu ya sehemu laini ya uvimbe wa tairi. Futi mbili za kampuni tofauti zinaweza kupishana: zilaze sambamba, linganisha penye mita 1.5, andika tofauti. Zivute kwa nguvu ileile, kwa sababu futi iliyolegea inainama katikati na kusoma zaidi. Na ukipata tofauti kati ya namba zako za milimita na za kitabu, kumbuka kwamba milimita za kiwandani hupimwa kwenye kipenyo cha tairi zima, karibu milimita 634 kwa saizi hiyo, si kwenye ringi wala kwenye kibao. Zungumza kwa digrii na utaondokana na mabishano.

Kasoro kubwa ya vibao ni kwamba havikuambii tairi lipi lina kosa. Vinakupa jumla tu. Kwa mhimili wa mbele si neno, kwa sababu barabarani usukani hugawanya kosa sawasawa. Kwa mhimili wa nyuma ni hatari, na hapo ndipo nyuzi zinapohitajika.

Kipimapembe

Vile vidogo vya mraba vyenye sumaku vinavyouzwa kwa mafundi seremala vinatosha. Vinasoma kwa hatua ya digrii 0.1, na usahihi wake halisi kwa kawaida ni 0.2. Kwa kemba hiyo ni sawa kabisa; hakuna dereva wa barabarani anayehisi 0.2 ya kemba. Vya mashindano vinavyoshikilia kwenye habu ni vizuri zaidi kwa gari lenye habu bapa, ila Impreza ina nati kubwa ya eksili katikati na uso usio na mahali pa kukalia, kwa hiyo sehemu kubwa ya bei yake inakupotea.

Ringi za aluminiamu hazishiki sumaku. Tengeneza mkono: kipande cha bomba la mraba la chuma lenye urefu wa sentimita 50, na bolti mbili kama miguu zinazogusa mdomo wa ringi juu na chini, si mpira. Kwa ringi ya inchi 17, umbali wa mdomo hadi mdomo ni karibu milimita 460. Kipimapembe kinashika kwenye bomba. Kabla ya kuamini, pindua bomba juu chini na upime tena; namba zikitofautiana, miguu haiko sawa, isage au chukua wastani.

Namna ya kukiweka sifuri ndiyo inayowakosesha wengi. Laza ubao ulionyooka kutoka kigae cha kushoto hadi cha kulia cha mhimili huo, weka kipimapembe juu yake, bonyeza sifuri. Sasa kinapima kwa kufuata sakafu yako, si kwa kufuata dunia. Ukienda upande wa pili wa gari, skrini iendelee kuangalia upande uleule, tuseme nyuma ya gari. Ukikigeuza, kosa la sakafu ulilolifuta linarudi maradufu.

Kasta inapimwa kwa kifaa hichohicho. Geuza tairi digrii 20 kuelekea nje, soma kemba. Geuza digrii 20 kuelekea ndani, soma tena. Tofauti ya namba hizo mbili zidisha kwa 1.5. Digrii 20 zichore kwenye kigae kwa kipimapembe cha shule. Impreza haikupi pa kurekebisha kasta, lakini kipimo hiki kinakwambia kitu kingine: kushoto na kulia vikipishana zaidi ya nusu digrii, kuna kitu kimepinda au bushi ya nyuma ya kontrol armu imehama. Gari lililoingia shimo kwa kasi mara nyingi hujulikana hapa kabla ya mahali pengine popote.

Asiyetaka kununua chochote anaweza kutumia timazi. Ining'inize kando ya ringi, pima kutoka kwenye uzi hadi mdomo wa juu na mdomo wa chini wa ringi. Kila milimita 8 za tofauti ni digrii 1. Simu nayo inaweza, kwa makadirio tu, ukishaitoa kwenye kava na kuikwepesha vitufe vya ubavuni.

Nyuzi

Fremu za nyuzi za dukani ni mabomba mawili, stendi nne na nyuzi. Nunua mabomba mawili ya mraba kwa fundi wa mageti, mita 2.2 kila moja, yafunge pamoja kwa klampu na ukate mikato kwa msumeno wa chuma kwenye yote mawili kwa wakati mmoja, umbali wa mita 1.95 kati ya mkato na mkato. Kwa kuwa mikato inalingana, nyuzi mbili zitakuwa sambamba daima bila wewe kupima chochote. Bomba moja lilaze mbele ya bampa juu ya stendi mbili, la pili nyuma. Uzi uwe mshipi wa kuvulia samaki wa milimita 0.5, uvutwe mpaka ulie ukiudonoa, kwenye kimo cha katikati ya habu, na usiguse bodi popote.

Sasa fremu ikae sambamba na gari. Pima kutoka kwenye mshipi hadi katikati ya kifuniko cha habu: mbele kushoto kulingane na mbele kulia, nyuma kushoto kulingane na nyuma kulia. Si lazima mbele kulingane na nyuma, kwa sababu upana wa mihimili miwili si sawa kwenye modeli zote. Sogeza bomba la mbele na la nyuma kidogo kidogo mpaka zote zikubaliane. Mtu akipita na kukwaa uzi, rudia hatua hii, usiseme haukusogea.

Baada ya hapo, kwa rula ya chuma, pima kutoka mshipi hadi mdomo wa mbele wa ringi na mdomo wa nyuma wa ringi. Mdomo wa mbele ukiwa mbali zaidi na uzi, tairi linaangalia ndani. Milimita 0.8 za tofauti ni digrii 0.1.

Chukua mfano. Nyuma kushoto: mbele 152.0, nyuma 150.5, yaani tou ya ndani milimita 1.5. Nyuma kulia: mbele 149.0, nyuma 150.0, yaani tou ya nje milimita 1. Vibao vya tou vingekupa jumla ya nusu milimita ya ndani na ungefurahi. Ukweli ni kwamba matairi yote mawili yanaangalia kulia. Mhimili wa nyuma unasukuma gari kwa pembe ya digrii 0.16 kwenda kulia, dereva analazimika kushika usukani umegeuzwa kulia ili aende moja kwa moja, na kona za kushoto na za kulia zinakuwa na tabia tofauti. Gereji inayorekebisha mbele peke yake itanyoosha usukani na kuliacha gari likitembea upande upande kama kaa.

Hapa ndipo nyuzi zinapopata heshima yake. Ni za bei ndogo kuliko vyote, ni za polepole kuliko vyote, na ndizo pekee kati ya vitu hivi vitatu zinazokuonyesha tou ya kila tairi. Ringi iliyopinda itakudanganya, kwa hiyo kwanza inua tairi, lizungushe mbele ya ncha ya bisibisi iliyosimamishwa imara, na uone linavyoyumba. Likiyumba zaidi ya milimita 1, pima, zungusha nusu duara, pima tena, chukua wastani.

Kurekebisha

Nyuma kwanza, mbele baadaye. Na kwa kila mhimili, kemba kabla ya tou, kwa sababu kila ukigusa kemba, tou inahama. Anayeanza na tou ataifanya mara mbili.

Bolti ya tou ya nyuma iko upande wa ndani wa mkono wa nyuma, ina alama za mistari kwenye kichwa chake. Kwenye magari yaliyotoka sehemu za theluji Japani, na yale yaliyokaa Mombasa au Tanga karibu na chumvi, hii ndiyo itakayokupotezea siku. Bolti hushikana kwa kutu na bomba la ndani la bushi. Ukiilazimisha, alama zinageuka na unaona tou inabadilika, kumbe unaupotosha mpira wa bushi tu. Ukiendesha kilomita chache inarudi ilikokuwa. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu usiku uliotangulia, legeza nati kabisa, na ugonge bolti itoke na kurudi kidogo kabla ya kuizungusha. Isipotoka, ikatwe na iwekwe mpya pamoja na bushi. Kukaza kwa mwisho kufanyike gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likiwa linaning'inia, la sivyo bushi itakazwa ikiwa imejipinda na itachanika mapema.

Kemba ya mbele: inua, weka stendi, toa tairi. Usiingize hata mkono chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Bolti mbili za spana 19 zinaunganisha shokapu na nakoli. Ya juu ndiyo yenye mwinuko. Legeza zote mbili, zungusha ya juu, na unapokaza mtu asukume sehemu ya juu ya habu ndani kwa nguvu, kwa sababu matundu yana nafasi na uzito wa gari utaila ukiliacha. Kaza kwa toki renchi: kati ya Nm 150 na 175 kutegemea mwaka, hivyo tazama kitabu cha gari lako. Piga mstari wa rangi kuvuka kichwa cha bolti na shokapu. Siku bolti ikiteleza utaona kwa macho. Bila vifaa vya ziada, Impreza nyingi huishia karibu na digrii −1.5 mbele. Zaidi ya hapo unahitaji pileti za kemba, bati za kusogezea ncha ya juu ya shokapu.

Kwa nyuma, bolti za kemba za dukani, zenye kiuno chembamba, hufanya kazi ileile. Zikaze kwa Nm zilizoandikwa na aliyezitengeneza, ambazo mara nyingi ni ndogo kuliko za bolti ya asili. Kuna mafundi wanaozikaza kama za asili na kuzikata.

Tairodi mwisho. Funga usukani ukiwa umenyooka. Legeza loknati, legeza klipu ya raba ya reki (gia ya usukani) ili raba isijisokote, kisha zungusha robo mzunguko kwa wakati mmoja. Robo huleta kama milimita moja na kidogo kwenye ringi. Zungusha kushoto na kulia kwa kiasi sawa, vinginevyo usukani utapinda. Loknati Nm 85, na tairodi endi isigeuke wakati unakaza.

Namba zenyewe

Kwa gari la kila siku linalopenda kona: mbele kemba −1.2 hadi −1.5, tou sifuri. Nyuma kemba karibu −1.2, tou sifuri hadi digrii 0.1 ya ndani kwa jumla. Kwa siku ya mashindano ya lami, pileti zikiwepo, mbele −2.5 hadi −3, tou ya nje ya digrii 0.1 hadi 0.2 kwa jumla, nyuma −1.5 hadi −2 na tou sifuri. Usiendeshe namba hizi za pili Nairobi hadi Nakuru kila wiki. Kinachoua tairi hapo ni tou ya nje zaidi ya kemba. Vikiwa pamoja, utafika kwenye nyuzi za waya upande wa ndani huku nje tairi likionekana zima.

Kushoto na kulia viwe sawa. Gereji nyingi huongeza kemba hasi kidogo upande wa kushoto ili gari lisivutwe na mteremko wa barabara, kwa kuwa Kenya, Uganda na Tanzania tunaendesha kushoto. Ni sawa kwa basi la shule. Gari likihamia Rwanda, Burundi au Kongo, ambako huendeshwa kulia, marekebisho hayo yanafanya kazi kinyume.

Vifaa vingine kwa kifupi

Trackace ya leza ni nzuri kwa tou ya jumla na ni ya haraka, ila inafanya kazi ya vibao kwa hela zaidi. Gunson Trakrite, ile unayoikanyaga kwa tairi na kusoma inavyosogea, ni ya kukuonya kwamba kuna tatizo, si ya kukusaidia kulirekebisha. Kama bajeti inaruhusu kitu kimoja tu cha ziada baada ya kipimapembe, nunua toki renchi.

Baada ya kilomita 100 hivi, kaza tena bolti zote ulizozigusa, angalia mistari ya rangi, na pima tou kwa vibao peke yake. Wenye Impreza mpya zaidi zenye VDC, mfumo wa kuzuia gari lisiteleze, wana kazi moja ya ziada: ukishanyoosha usukani kwa tairodi, kihisi cha pembe ya usukani kinahitaji kuwekwa sifuri upya kwa kifaa cha uchunguzi, la sivyo taa inaweza kuwaka, au VDC ikaanza kushika breki kwenye kona ambayo haikuwa na shida yoyote.